Mtandao Ulioshika Zizini Tu

Nyumba ya Mbotho,
S.L.P. 61,
Tsolo.

14 Juni

Mpendwa mpwa wangu Lwandile,

Pokea salamu za mjomba wako, ndugu wa pekee wa mama yako, yule aliyekufundisha kunyoa ndevu kabla hujawa nazo. Hujambo huko Ireland? Kifua chako kinaendeleaje na hayo mabaridi? Nasikia huko mvua hainyeshi, inakaa tu hewani kama mgeni asiyeaga. Na wale wazee unaowaogesha kwenye hiyo nyumba ya wazee, hawajambo? Wasalimie. Waambie wamepata mikono mizuri. Mikono hiyo ina baba yake pia, au tuseme ilikuwa naye.

Sisi hatujambo, kwa namna ya kusema hatujambo. Goti langu la klachi, la kushoto, linalalamika baridi ikianza, lakini bado naweza kumvusha mto mwanamke mnene mgongoni, na wiki iliyopita nilimvusha mmoja, akaomba kurudishwa ili avushwe tena. Ng'ombe wazima. Mahindi tumevuna. Wadudu walichukua fungu lao kwanza, wakatuachia shukrani.

Utashangaa kuona karatasi wakati dunia nzima inaongea kwa vidole. Nimekutumia ujumbe kwenye simu, ukausoma. Nimeziona zile alama mbili zikigeuka bluu, kisha kimya kama cha kanisani siku ya Jumanne. Barua haina bluu. Ukishaifungua huwezi kusema mtandao ulikatika. Isitoshe, nimezisusa kampuni zote za simu mpaka hasira ziishe, na hasira zangu ni kama mikataba yao, zikifika mwisho zinajihuisha zenyewe.

Asante kwa maua. Yalikuwa makubwa, mbuzi wa jirani aliyasifu mpaka akayamaliza. Asante pia kwa kuhudhuria mazishi ya baba yako kupitia simu yangu. Nilikunyanyua juu ya kaburi mpaka mkono ukafa ganzi. Ulipofika wakati wa kutupa udongo, picha yako ikaganda, mdomo wazi, kijiko mkononi. Watu waliona. MaRadebe akaniuliza, "Huyo anakula?" Nikamwambia ni kipaza sauti.

Lakini sikuandiki kwa sababu ya kijiko. Nakuandikia habari za mke wako.

Mama yako alikuambia Nosiseko amekwenda kwao Ngcobo kumwangalia mama yake mgonjwa. Mama yake ni mzima kuliko mimi na wewe tukijumlishwa. Nosiseko alifukuzwa, mpwa wangu. Na kilichomfukuza ni ile simu yako. Kaa chini. Kama umeshakaa, simama kwanza halafu ukae tena, maana hii inahitaji kukaliwa vizuri.

Unakumbuka hamu yako. Ulitaka baba yako awe na simu ile yenye macho matatu mgongoni, hiyo na si nyingine, ili muonane uso kwa uso. Mimi, niliyeendesha lori mpaka Windhoek na Lubumbashi, nilikuambia kwamba Windhoek simu ileile inauzwa kama sabuni, unatia laini unayotaka, unaondoka zako. Kwetu hapana. Kwetu mtengenezaji na hawa wa kampuni ya Zambarau walikaa mezani wakakubaliana: simu hii hauzi mwingine, haili laini ya mwingine, na haitoki dukani bila mkataba wa miaka mitatu. Wamekubaliana kama wanaume wawili wanaomaliza mahari huku msichana mwenyewe yuko shambani anapalilia.

Ukaniambia, "Mjomba, wewe ni mtu wa zamani." Sawa. Lakini mtu wa zamani alijua kitu ambacho mtu wa kisasa hakukijua. Mnara wa Zambarau uko nyuma ya mlima. Ule wa kampuni nyingine uko hapahapa ng'ambo ya mto, unauona hata ukiwa chooni.

Simu ilipofika nyumbani walizunguka nayo kama watu wanaotafuta maji. Jikoni, hamna. Barazani, hamna. Juu ya tangi la maji, kidogo, ukisimama kwa mguu mmoja. Mwisho baba yako akaingia zizini kumwangalia fahali jicho, na simu ikamlilia mfukoni. Zizini! Pale katikati, kwenye samadi ya juzi, ndipo mtandao ulipojaa. Basi ikawa ndiyo ofisi yake. Akaweka kiti kule, mkalimani mzima wa mahakama, miaka yote akiwatafsiria mahakimu, sasa amekaa katikati ya ng'ombe anakuonyesha meno.

Ulifurahi, na yeye alifurahi, sikatai. Ila nikukumbushe mambo ya kwenu, maana Ireland imekulowesha akili. Mke aliyeolewa hapa haingii zizini. Hata kukatisha mbele yake hakatishi, anazunguka nyuma ya nyumba. Sasa niambie, mkeo angezungumza na wewe wapi? Simu yake ndogo ya vitufe ilikuwa imekufa, na ulisema usinunuliwe mzigo mwingine, nyumba ina simu moja ya maana. Basi Nosiseko alikuwa anasimama nje ya uzio, shuka mabegani, anakusikia ukimuuliza baba yako kama jicho la fahali limepona. Baba yako, kwa wema wake, alikuwa anageuka kusema, "Anakusalimu." Hukuwa umesema, mpwa wangu. Mzee alikuwa anatafsiri kisichosemwa. Kazi ilimkaa damuni.

Halafu kuna lile la dukani. Siku ya kuweka sahihi kule Mthatha, mtu wa Zambarau alimuuliza baba yako, "Mzee, ukiugua, nani atazungumza na sisi kwa niaba yako?" Baba yako akajivuna kama jogoo wa mchungaji. Akasema, "Sauti yangu ni mkaza mwana wangu. Amesoma, na hanung'uniki." Wakamrekodi Nosiseko sauti yake kwenye mashine, basi, ikawa ndiyo sauti pekee duniani inayoweza kuufunga au kuufungua mkataba ule baba yako akishindwa. Alimpa heshima, mzee wa watu. Akasahau jambo ambalo mtoto wa hapa analijua kabla hajaota meno: mkaza mwana hataji jina la mkwe wake. Halitaji kwa nguvu, halitaji kwa kunong'ona, halitaji hata kijiko kikiitwa hivyo. Na Nosiseko angefanyaje pale? Ambishie mkwe mbele ya watu? Hilo nalo ni kosa. Akanyamaza, akaingia mtegoni kwa adabu zake zote.

Ulivyosema utalipa wewe kila mwezi, nilikuamini. Miezi ya mwanzo ulituma pesa. Baadaye ukawa unatuma picha ya kidole gumba. Zambarau haipokei vidole gumba, ikahamia kwenye pensheni ya mzee, inakata kabla yeye hajaiona.

Kisha kiharusi. Hilo unalijua. Kilimchukua upande wa kulia pamoja na maneno yote, ya Kixhosa, ya Kiingereza, ya Kiafrikana na ya Kisotho, kikamwachia "mmm." Daktari alisema kuna mama mmoja Mthatha anayefundisha ulimi upya, na kwamba mzee ana akili zake zote, akifundishwa mapema maneno yatarudi. Neno lenyewe lilikuwa hilo: mapema. Lakini kwenda Mthatha ni gari la kukodi, na kila mwisho wa mwezi Zambarau ilifika kabla ya gari. Simu yenyewe iko kwenye soksi juu ya kabati, haina wa kuipigia. Tukawa tunailipa ilale, na mzee analala bila maneno.

Nosiseko ndiye aliyemlisha, akamgeuza, akamwogesha. Kazi ileile unayolipwa wewe, yeye alipewa bure.

Nilikuja kumsaidia mama yako mwezi wa pili. Asubuhi moja nikaipeleka simu zizini kuona kama umeandika. Hukuwa umeandika. Aliyeandika alikuwa Zambarau: mkataba umefika mwisho, na leo saa kumi na moja jioni utajihuisha kwa miaka mingine mitatu, isipokuwa uupinge kwa sauti, kwa kupiga kutoka namba hiihii. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, mto umelala juu ya daraja. Hapakuwa na kwenda mjini. Palikuwa na zizi tu.

Nilijaribu mwenyewe kwanza, unanijua. Nikabana pua, nikatoa sauti ya kike, ile iliyonivusha mpaka wa Beitbridge bila pasi. Msichana wa huduma akanisikiliza kwa upole, akasema, "Baba, unaumwa?"

Basi ikabidi tufanye hivi. Mimi zizini, ndani ya buti za baba yako, nimeinua simu juu, spika imefunguliwa. Nosiseko nje ya uzio anapiga kelele. Fahali kati yetu. Mama yako barazani, kakunja mikono. Muziki wao wa kusubirisha ukalia mpaka ndama wakaanza kuujua, na majirani wakaanza kuja mmoja mmoja. MaRadebe alikuja na toroli lake la ndoo. Mzee Tshangisa alikuja na kigoda, kama mtu aliyelipa kiingilio.

Mwisho simuni akatokea msichana, anaitwa Akhona, mtu wetu kabisa, nilimjua kwa lafudhi. Akauliza hili na lile, Nosiseko akajibu yote. Mashine ikaikubali sauti yake. Tukashangilia. Kisha Akhona akasema, "Asante, dada. Sasa taja majina kamili ya mwenye mkataba."

Majirani wote wakamgeukia Nosiseko. Hata fahali aliacha kutafuna.

"Ni mkwe wangu," Nosiseko akapaza sauti. "Baba wa mume wangu."

"Majina yake, dada."

"Mpinga! Mawawa!" akataja ukoo, mzuri ajabu, kama mwimba sifa.

"Hayo ni ya ukoo, dada. Nataka ya kitambulisho."

"Namba ya kitambulisho naijua. Nikutajie?"

"Namba umeshanitajia. Jina."

"Dada, wewe ni wa wapi?"

"Cofimvaba."

"Umeolewa?"

Akhona akasema kwa sauti ya chini, "Nimeolewa, dada. Najua unachoniambia. Mimi wa kwangu namwita Baba wa Juu. Lakini mashine inasikiliza sauti yako, haisikilizi heshima. Nikikutajia mimi, inasikia mimi. Nisamehe."

Hapo majirani wakawa wanasheria. MaRadebe akasema, "Mwache aseme kinyumenyume!" Mwingine akasema aandike kwenye ubao. Mzee Tshangisa akapiga kigoda chake. "Sema, binti! Jina halina meno!"

Mama yako akajibu kutoka barazani, bila kupandisha sauti, unaijua ile sauti yake ya kukatia mkate. "Lina meno. Na mimi ndiye nitakayehesabu alama."

"MaDlomo, dada yangu," nikamwita kwa heshima zote, samadi ikiwa imefika kifundoni, "mumeo anakosa maneno kwa sababu ya huu mkataba."

"Mume wangu alikosa maneno kwa mkono wa Mungu. Huyu atamkosesha na heshima kwa mdomo wake."

Ndipo tukasikia kutoka chumbani. Ko, ko, ko. Mzee alikuwa anapiga ukuta na kikombe, kwa mkono ule mmoja uliobaki hai. Alikuwa anasikia kila kitu, dirisha lilikuwa wazi.

"Mnaona?" akasema mama yako. "Anakataza."

"Anaruhusu!" nikasema mimi.

Mpwa wangu, mpaka leo sijui. Mtu aliyewatafsiria watu kesi za kunyongwa, siku yake ilipofika hakupata mkalimani. Kikombe kiligonga, kikagonga, halafu kikaanguka.

Nosiseko alimtazama mama yako. Akalitazama dirisha. Akavuta kitambaa chake cha kichwa mpaka machoni, akashika uzio, akasema kwa sauti safi, ya kusimama mahakamani: "Ndabazandile Wellington Mbotho."

Nimeona ajali za malori, mpwa. Nimeona mtu akitolewa mgodini. Sijaona uso kama wa mkeo.

Akhona akasema, "Asante, dada." Naye sauti ilimtetemeka, hilo nampa. Akagonga vitufe vyake. Kisha akasema, na nakuandikia kama alivyosema: "Kwa bahati mbaya, ujumbe haukutaja hili, lakini pingamizi linatakiwa kufika siku thelathini kabla. Mkataba utahuishwa leo jioni. Mnaweza kuuvunja kesho, mkilipa yote ya miaka iliyobaki. Wakati pekee unapovunjika bure ni mwenyewe akifariki, na taarifa itolewe kwa sauti iliyosajiliwa. Kuna lingine nikusaidie?"

Nosiseko akaachia uzio. Nikajibu mimi, maneno niliyoyapata Lubumbashi. Mashine ikaniomba nibonyeze namba kuonyesha kama nimeridhika na huduma.

Kesho yake asubuhi mama yako akamwambia mkeo aende kwao, arudi na mbuzi wa kusafisha mdomo, ndipo apike tena kwenye sufuria zake. Ndiyo sheria, sikatai, nimeiona ikifanywa nyumba nyingine kwa kucheka, binti anarudi na mbuzi, watu wanakula nyama. Lakini mama yako alijua, kama unavyojua wewe, kwamba kwa kina Nosiseko baba alishakufa na kilichobaki ni kuku na mama mjane. Alimtuma mtu akalete mbuzi mahali pasipo mbuzi. Hivyo ndivyo anavyofukuzwa mtu kwa adabu. Nilimsindikiza mpaka mtoni. Mfuko mmoja wa plastiki. Hakulia. Aliniambia tu mzee anageuzwa upande wa kushoto kwanza, na uji wake usiwe wa moto.

Uji ulikuwa wa moto, ulikuwa wa baridi, ulikuwa wa vuguvugu. Mzee hakufungua mdomo. Upande wa mdomo uliokuwa unafanya kazi aliufunga kwa nguvu, na ule mwingine ulikuwa umejifungia wenyewe. Mama yako alibembeleza, aliimba, alitukana. Mimi nilifanya vichekesho vyangu vyote, hata kile cha padri na punda. Macho yake yalikuwa mlangoni. Hospitali walisema ni kiharusi cha pili. Wao wana lugha yao.

Nosiseko hakuitwa kwenye mazishi. Wewe ulikuwepo, na kijiko.

Baada ya wiki, pesa za mjane zikaanza kuingia. Zikaingia upande mmoja, Zambarau ikatokea upande mwingine. Na ujumbe ukaja zizini, nilimsomea mama yako: "Hongera Ndabazandile! Kwa uaminifu wako tumekuongezea dakika za bure kila wikendi." Mzee angezipenda. Huko aliko nadhani mtandao unashika.

Mama yako akakasirika, akanituma zizini nipige, nikapiga bure. Duka la Mthatha wakasema wao wanauza tu, hawafuti. Tukapeleka cheti cha kifo, wakakitazama, wakasema kizuri, lakini kifo kitangazwe na sauti iliyosajiliwa. "Mimi ni mke wake!" akasema mama yako. "Nimelala naye miaka yote hiyo!" Kijana akamwambia, "Mama, hapa imeandikwa sauti ya mkaza mwana." Nikamtoa nje kabla hajamvua kijana kichwa.

Ukisikia dunia ina mdomo mchafu, ndiyo hii. Jumamosi iliyopita mama yako, ndani ya nguo nyeusi, mjane ambaye hatakiwi hata kuvuka njia ya watu, alipanda gari na mimi mpaka Ngcobo. Nyuma tumefunga mbuzi. Mbuzi wake yeye, wa pesa zake, dume lenye kengele. Nilimwambia njiani, "Dada, sasa nani anamsafisha nani?" Akaniambia niangalie barabara.

Hakuingia uani, kwa ajili ya nguo zile. Akasimama kwenye lango, ameshika kamba. Nosiseko akatoka na unga mikononi, akapiga goti vizuri, adabu ileile. Ameimarika, kwa taarifa yako. Amepata kazi ya kupika shuleni.

"Mwanangu," akaanza mama yako, "yaliyopita yamepita. Mbuzi huyu hapa."

"Nashukuru, mama. Lakini mbuzi wa kunisafisha mdomo anatoka kwetu. Huyo ni wenu."

"Basi mwite wako. Nimekupa."

"Sisi hatujapata mbuzi, mama. Bado mdomo wangu mchafu."

Mama yako akaizungusha kamba mkononi. "Nataka uwaambie wale watu wa simu kwamba baba amefariki. Maneno machache tu. Utaje jina, basi."

Nosiseko akainua uso. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Jina la mkwe wangu, mama? Marehemu? Mimi?" Akatikisa kichwa polepole. "Nilifundishwa pale kwako. Lina meno."

Mama yako alilia, Lwandile. Alilia amesimama langoni na mbuzi, nguo nyeusi zimejaa vumbi, na watu wanapita. Nilitaka kucheka, kwa sababu ilistahili kuchekwa. Kicheko hakikutoka. Mbuzi ndiye aliyepiga kelele kwa niaba yetu sote.

Wakati nageuza gari, Nosiseko alikuja dirishani kwangu. Nikamwuliza kama nikuandikie neno lolote. Akapangusa unga mikononi. Akasema, "Mjomba, mimi mila ilinizuia, na bado nilitaja jina la baba yake mbele ya kijiji kizima, ili apate maneno. Yeye hakuna mila inayomzuia kutaja langu. Mwulize mara ya mwisho alilitaja lini."

Nimekuwa nikijiuliza tangu Jumamosi. Nimekumbuka simu zako zote nilizozisikia pale zizini, zile mlizoongea na baba yako kabla hajaugua. Ulimwuliza habari za fahali kwa jina. Ulimwulizia mbwa kwa jina. Uliiulizia ile simu, ina kasi? Betri inakaa? Mpwa, nimejaribu kukutetea, na kukutetea ni kazi ninayoifanya tangu ulipokuwa unakojoa kitandani. Nimeshindwa.

Namba ya mama yake Nosiseko nimekuandikia nyuma ya bahasha. Ni simu ya vitufe, laini ya kampuni ile nyingine. Kwao mtandao umejaa mpaka jikoni.

Mama yako anakusalimu, anasema utume pesa za mwezi, maana Zambarau haijafiwa. MaRadebe anakusalimu, anauliza ulikuwa unakula nini. Mzee Tshangisa anakusalimu na kigoda chake. Fahali jicho limepona. Simu tumeitundika kwenye nguzo ya zizi, ndani ya soksi yake, na jioni huwa inalia; anayepiga sijui ni wewe au ni wao wenye zawadi. Wanaume wa kuingia kuipokea tumebaki mimi peke yangu, na mimi nimesusa.

Mungu na wazee wa Mpinga wakulinde na baridi, wakupe usingizi, lakini usiwe mwingi.

Ni mimi, ninayekupenda hata leo nisipokupenda,

Mjomba wako,
Monwabisi